Goma: Kupaka rangi Hiace ya zamani ndani ya parseli, pale Majengo

Kwa wiki tatu za kiangazi hiki, parseli yetu ya kwata Majengo, komuni ya Karisimbi, haikuwa na mahali pa kuanika nguo. Katikati yake ilisimama Hiace ya yaya wangu, madirisha yamefunikwa kurasa za daftari za watoto, taa zimetolewa, milango imekwanguliwa mpaka chuma kikaonekana. Majirani walipita wakiuliza kama gari linauzwa vipande vipande. Halikuwa linauzwa. Tulikuwa tunalipaka rangi sisi wenyewe, kwa rulo na brosi, kwa sababu pesa ya kulipeleka garaji haikuwepo.

Hiace yenyewe ni ya umbo lile ambalo Toyota ilianza kulitengeneza mwaka 1989, lenye pua fupi, shofere amekaa karibu juu ya injini. Ilifika Goma ikiwa tayari imezeeka Japani. Injini inaitika asubuhi, breki zinashika, lakini bati lilikuwa limechoka: kutu chini ya milango, kutu kwenye ukingo wa magurudumu, rangi ya buluu imepauka juu ya paa mpaka ikageuka unga.

Hapa Goma bisi yenye kutu haikosi abiria. Mtu anayetoka Majengo kwenda Birere saa kumi na mbili asubuhi haangalii rangi, anaangalia kama kuna kiti. Lakini zipo kazi ambazo bisi ya namna hiyo haipati: harusi, kwaya ya kanisa, familia inayokwenda msibani Sake, na hasa wanafunzi. Mwezi wa Juni shule moja ya karibu ilimwambia yaya kwamba inatafuta gari la kubeba watoto kuanzia Septemba, na kwamba lake lingeweza kufikiriwa kama lingekuwa na sura ya kueleweka. Kwa mtu anayeishi kwa safari ya leo, malipo ya mwezi ni kitu kingine kabisa. Ni kodi ya nyumba inayojulikana mapema.

Garaji tuliyoiendea iliomba pesa ambayo Hiace ingehitaji miezi kadhaa kuitafuta, nusu yake mbele na taslimu. Sisemi bei ilikuwa ya wizi. Kazi ya rangi ina mikono mingi na vifaa vyake ni ghali. Tatizo lilikuwa upande wetu. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, kidogo ambacho yaya alikuwa amekiweka kimebaki kwenye akaunti asiyoweza kuifikia hapa mjini, na dola za mkononi zimekuwa adimu kwa kila mtu. Tukahesabu kilichokuwepo ndani ya nyumba. Kilitosha rangi, msasa na diluani, basi.

Kutu inayotoka juu

Kila mkaaji wa Goma anajua namna bati za nyumba zinavyogeuka nyekundu kabla ya wakati wake. Sababu moja iko juu ya vichwa vyetu. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi ya salfa kwa wingi. Gesi hiyo ikikutana na mawingu, mvua inashuka ikiwa na asidi, na asidi inakula chuma. Vijiji vilivyo upande ambao upepo hupeleka moshi, kama Rusayo, ndivyo vinavyoumia zaidi, lakini gari linalozunguka na kulala nje halikwepi. Ongeza vumbi jeusi la makoro yaliyosagwa na magurudumu, ambalo hukwangua rangi kila mara konvoyere anapopangusa gari kwa kitambaa kikavu. Ongeza na vijiwe vinavyoruka kwenye barabara zisizo na lami. Rangi inapata mikwaruzo midogo, maji yanaingia, kutu inaanza chini yake na kutembea huko bila kuonekana, mpaka siku unaposukuma kwa kidole na kidole kinapita upande wa pili.

Kwa hiyo anayefikiri kwamba kupaka gari rangi ni kununua kopo na kuanza kupaka, atapaka tena mwaka ujao. Katika siku ishirini na moja tulizotumia, siku za kupaka rangi zilikuwa nne tu. Zilizobaki zilikuwa za kukwangua, kuosha, kuziba, kusugua na kungoja.

Kifaa chetu kikubwa kilikuwa brosi ya waya. Cha pili kilikuwa kikwanguo ambacho fundi mmoja alitutengenezea kutoka kipande cha ressori ya gari. Kisha msasa: namba 80 kwa kutu nzito, 180 kwa kulainisha kingo za rangi ya zamani, 320 kabla ya kupaka. Ukiwa na pesa ya kununua aina moja tu, usinunue ile ngumu peke yake, maana mistari yake itaonekana hata chini ya rangi tatu.

Chini ya buluu tulikuta nyeupe, na juu ya nyeupe hiyo ukanda wa rangi ya machungwa na maandishi ya Kijapani ubavuni. Hatujui kama ni jina la shule, duka la samaki au kampuni ya kufua nguo. Yaya aliomba tusiyafute kabla hajayapiga picha.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la kwanza, na ni kosa langu. Siku nzima nilisugua bati likiwa kavu, watoto wakicheza pembeni, na jioni nyuso zao zilikuwa na unga wa machungwa. Rangi za zamani, hasa za njano, za machungwa na nyekundu, mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto linaharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Sina maabara ya kupima ukanda ule wa machungwa. Lakini sikuhitaji maabara ili kuona kwamba nilichokuwa nakifanya ni upumbavu. Kesho yake watoto walihamishiwa kwa shangazi yao mpaka jioni, nasi tukaanza kusugua kwa maji.

Msasa wa maji, ule mweusi, unaloweshwa ndani ya ndoo, na unga unageuka tope ambalo haliruki. Kule ambako bomba linatoka kila siku hilo ni jambo dogo. Majengo maji yanahesabiwa kwa bidoni. Tulitumia maji ya mvua tuliyokuwa tumeyahifadhi kwenye pipa, ndoo moja ya kusugulia na ndoo moja safi ya kusuuza, na ile chafu tuliiacha itulie usiku, tukatumia tena maji ya juu. Tope la chini tulilikausha juu ya karatasi, tukalifunga ndani ya mfuko. Kulimwaga kwenye makoro ya uwanja, mahali watoto wanapokaa chini, kungekuwa kurudisha sumu kwa mlango mwingine.

Neno moja kuhusu risasi kabla sijaendelea. Kwenye kenkayeri utasikia mtu akiomba miniomu kwa maana ya rangi yoyote ya kuzuia kutu. Jina hilo asili yake ni rangi nyekundu ya risasi. Makopo mengi ya leo yameacha risasi na kubaki na jina, lakini soma kopo. Likitaja risasi, au kama halina maandishi yoyote, chukua lingine, lile la kijivu au jekundu lililoandikwa kwamba ni la zinki au la oksidi ya chuma.

Tundu chini ya kiti cha nyuma

Siku ya sita yaya alitoa viti vya nyuma ili afikie kutu ya ndani. Chini ya zulia, juu kidogo ya gurudumu la kulia, sakafu ilikuwa imeoza. Tundu lilikuwa na upana wa kiganja. Kupitia tundu hilo ungeona bomba la moshi.

Mastiki ilikuwepo, kopo nzima. Kuna njia inayojulikana na kila mtu: unajaza karatasi au kitambaa ndani ya tundu, unapaka mastiki juu, unasugua, unapaka rangi, na kwa macho gari limepona. Kwa sehemu ya ubavu ambayo haibebi kitu, ikiwa bati limebonyea bila kuoza, mastiki ni dawa halali. Lakini juu ya kutu haishiki. Kutu inaendelea kutembea chini yake, inavimba, na baada ya mvua chache kipande kizima kinadondoka. Kwenye sakafu mambo ni mabaya zaidi. Bomba la zamani huvuja, na moshi wa injini una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Gari likiwa limefungwa madirisha kwa sababu ya mvua, wanaoketi nyuma ndio wanaoivuta. Na nyuma ndipo wangeketi watoto wa shule.

Basi hesabu ikabidi ianze upya. Mpango wetu ulikuwa kukodi kompresere na pistole kwa siku mbili na kununua rangi ya duco ili gari ling'ae kama lililotoka garaji. Pesa hiyo ndiyo iliyokwenda kwa fundi wa kuchomelea. Alikata sehemu iliyooza mpaka akafika kwenye chuma kizima, akachomelea kipande cha toli, akaziba na sehemu mbili ndogo chini ya mlango wa kusukuma. Alifanya kazi hiyo betri ikiwa imetolewa na tanki la mafuta limefunikwa kwa gunia lenye maji, na mimi nimesimama na ndoo ya mchanga. Bomba la moshi nalo lilipata kiraka na kola mpya.

Nikiulizwa leo ni wapi mtu mwenye pesa kidogo aziweke, jibu langu ni hapo. Rangi ya bei nafuu juu ya chuma kizima itakaa miaka kadhaa. Rangi ya bei ghali juu ya kutu haifiki Noeli. Na kuna kitu ambacho hakihusu pesa: gari lililopakwa vizuri juu ya sakafu iliyooza linamdanganya mzazi anayemfungia mtoto wake mlango asubuhi.

Rulo badala ya pistole

Pesa ya kompresere ilipokwisha kwenda, ilibaki rulo. Watu wengi wanacheka wakisikia gari limepakwa kwa rulo, kama vile ni ukuta wa kanisa. Wasicheke sana. Magari ya kwanza duniani yalipakwa kwa brosi, tabaka juu ya tabaka, na gari moja lilingoja wiki nyingi kiwandani likauke. Rangi za kukauka haraka za aina ya Duco ziliingia viwandani Marekani miaka ya 1920, na jina hilo la biashara ndilo mafundi wetu wanalolitumia mpaka leo kwa rangi ya pistole.

Pistole ina mambo yake mengine. Inarusha hewani sehemu kubwa ya rangi uliyoilipia. Inahitaji umeme usiokatika katikati ya paa. Na katika parseli ambazo nyumba zimebanana kama zetu, ukungu wake unatua kwenye nguo, kwenye sufuria na kwenye bisi ya jirani. Kuna pia zile rangi za kisasa za kopo mbili, zinazochanganywa na dawa ya kugandisha. Zinang'aa kweli. Lakini dawa hiyo huwa na kemikali zinazoitwa izosianati, na mvuke wake ukipulizwa unaweza kumpa mtu pumu ya maisha yote. Viwandani anayezipuliza huvaa kinyago chenye hewa inayoletwa kwa mpira kutoka nje. Barakoa ya kitambaa tuliyobaki nayo tangu Korona haizuii kitu hapo. Ushauri wangu ni kuiacha hiyo kwa wenye vifaa.

Tulichonunua ni rangi ya mafuta ya chuma, ile ya kupakia milango na madirisha ya vyuma, inayochanganywa na diluani ya mafuta. Inakauka polepole, na polepole hiyo ndiyo faida yake: alama za rulo zinapata muda wa kujilaza zenyewe.

Kiasi tulikipata kwa mita ya fundi cherehani. Hiace yetu ina urefu wa karibu mita nne na nusu. Tulipima ubavu mmoja mmoja, tukatoa madirisha, tukapima paa, mbele na nyuma, tukapata karibu mita 23 za mraba. Kopo liliandikwa kwamba lita moja inafunika mita kumi hadi kumi na mbili. Kwa mikono mitatu ya rangi tulinunua lita sita, na lita tatu za rangi ya kuzuia kutu kwa mkono mmoja na marudio kwenye sehemu zilizochomelewa. Tulibakiwa na kikombe kimoja tu cha rangi, tukakihifadhi kwa mikwaruzo. Nunua kiasi chote siku moja na dukani kamoja, kisha changanya makopo yote ndani ya ndoo moja, maana nyeupe ya kopo hili na nyeupe ya kopo lile si ndugu wa tumbo moja.

Madirisha tuliyafunika bila skochi nyingi. Kurasa za daftari za mwaka uliopita zilizoloweshwa maji ya sabuni zinashika kioo vizuri zikikauka, na skochi inabaki kwa kingo tu. Wengine wanapaka mafuta kwenye raba za madirisha ili rangi isishike. Inafanya kazi, ila mafuta hayo yakigusa bati, hapo hapo rangi itabanduka. Kabla ya kila mkono tulipangusa bati lote kwa kitambaa chenye diluani kidogo, kisha kitambaa kikavu. Usitumie esansi, hata kama iko karibu na ni ya bure kwenye tanki. Mvuke wake unatambaa chini na kutafuta moto.

Na moto haukuwa mbali. Nyumba nyingi za Majengo ni za mbao, na kila jioni mbabula zinawashwa uwanjani. Tulikubaliana na mama wa nyumba ya pili: siku za rangi chakula kitapikwa upande wake, mbali na makopo, nasi tutabeba makala. Vitambaa vilivyoloa rangi ya mafuta tulivitandaza juu ya mawe mpaka vikauke, kimoja kimoja. Vikirundikwa kwenye kona vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti.

Kupaka kwenyewe ni kazi ya watu wawili. Wa kwanza anapita na rulo ndogo ya sponji, rangi imelegezwa kwa diluani sehemu moja kwa kumi. Wa pili anamfuata mara moja na brosi laini isiyo na rangi, akiigusa kwa ncha tu ili kuvunja mapovu. Tulipaka sehemu moja mpaka mwisho wake, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kusimama kunywa chai katikati ya mlango. Rangi iwe nyembamba. Mkono wa kwanza unatisha, unaonekana kama maziwa yaliyomwagika, na mtu anashawishika kuongeza. Usiongeze. Ile nzito inatiririka, na machozi yake yakikauka utayasugua kwa siku mbili.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na usiku wake una baridi na umande. Tulianza saa tatu, jua likishakausha bati, na kuacha saa tisa. Kati ya mkono na mkono tulingoja siku nzima, tukasugua kidogo kwa msasa wa maji namba 800, tukasuuza, tukakausha. Vumbi tulilipiga kwa kumwagia uwanja maji asubuhi. Hata hivyo siku ya pili motari mmoja aliingia kwa kasi kuleta mgeni, na ubavu wa kushoto mpaka leo una chembe nyeusi kama pilipili manga. Siku ya tatu mawingu yalitokea upande wa ziwa, manyunyu ya dakika kumi yakaangukia paa bichi. Tulilisugua, tukarudia. Kwa mvua hatuna wa kumlaumu. Ingekuwa Oktoba, tusingemaliza kabisa.

Kosa lingine lilitokana na zawadi. Rafiki wa yaya alimpa nusu kopo ya duco nyeusi iliyobaki kazini, nasi tukaona itafaa kwa bampa. Bampa lilikuwa limekwisha pakwa rangi ya mafuta. Baada ya dakika chache uso wake ulijikunja kama ngozi ya maziwa ya moto. Diluani ya duco ni kali, inaamsha rangi ya mafuta iliyo chini. Rangi ya mafuta juu ya duco ya zamani iliyokauka, hiyo inakubali. Kinyume chake hapana. Tulikwangua mpaka chuma.

Nyeupe

Tulichagua nyeupe, na si kwa sababu ya uzuri. Nyeupe inaficha mabonde ya bati ambayo nyeusi au buluu nzito ingeyatangaza. Pia haipati joto sana juani, na kopo lake linapatikana kila kenkayeri ya Birere, kwa hiyo mkwaruzo wa mwakani utapata dawa yake. Lakini karatasi za Hiace zilisema buluu. Mwenye kubadilisha rangi ya gari aulize kwanza kwenye ofisi husika namna ya kuandikisha rangi mpya, kabla hajafungua kopo. Shofere aliyewahi kusimamishwa barabarani, na yupi hajasimamishwa, anajua kwamba tofauti ndogo kati ya karatasi na bati inatosha kumpotezea asubuhi. Yaya alikwenda kuuliza mapema. Anayefanya usafiri wa umma aangalie pia kama mji unamtaka awe na rangi fulani. Kinshasa taksi ni za njano. Dar es Salaam daladala hujulikana kwa ukanda wa rangi wa njia yake, wakati Nairobi matatu hushindana kwa michoro, na abiria vijana huchagua gari kwa michoro hiyo.

Sasa hesabu ambayo watu hawaitaji wanapojisifu kwamba wamepaka gari nyumbani. Wiki tatu Hiace haikubeba abiria hata mmoja. Garaji ingeweza kumaliza kazi kwa muda mfupi zaidi. Yaya aliziba pengo hilo kwa kushika usukani wa bisi ya rafiki yake kwa zamu, siku ambazo rangi ilikuwa inakauka, lakini pesa ya zamu si pesa ya gari lako. Asiye na namna ya kula katika wiki hizo asianze. Au afanye kama wengine wanavyofanya: mlango mmoja wiki hii, ubavu mmoja mwezi ujao, gari likitembea na rangi mbili kama kuku wa kienyeji. Si aibu.

Hiace ilitoka Majengo Jumatatu moja ya Agosti, bado ina harufu. Rangi ya mafuta inaonekana kavu kesho yake lakini inaendelea kukomaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo konvoyere alikatazwa kuiosha kwa nguvu na kufunga kamba za mizigo juu ya paa. Njiani kuelekea Birere mama mmoja mwenye beseni la sambaza alipiga ubavu kwa kiganja ili bisi isimame, kisha akageuza mkono na kuutazama. Ulikuwa safi. Akapanda.

Wiki iliyofuata mtu wa shule alikuja kuliona. Alizunguka gari mara mbili, hakusema lolote kuhusu rangi, akapanda ndani, akakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, akatafuta kitu kwa mkono upande wa kulia na upande wa kushoto. Aliuliza mikanda ya viti iko wapi. Shule inafungua mwanzoni mwa Septemba. Tunatafuta mikanda kumi na miwili, ya kutolewa kwenye magari mabovu, na mwenye nayo anajua parseli ilipo: ni ile yenye makoro yaliyomwagikiwa rangi nyeupe mlangoni.